Mchunga na mimea inayofanana nao: nitaitofautishaje hii minne ya jamii ya alizeti?

Mwanashamba_Muheza

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa kutenganisha mimea minne ya porini. Yote naona ni ya jamii ya alizeti, na mitatu kati yake hapa kwetu hubeba jina moja, mchunga, kutegemea umemuuliza nani.

A. Muheza, kwenye shamba la mihogo lililolala. Ua dogo la njano. Majani membamba na marefu, mengine yana pembe mbili tatu ubavuni zinazotazama chini. Umeota kwa makundi. Ukichuma leo, baada ya siku chache umerudi. Mchungu kwelikweli.

B. Lushoto, karibu na lundo la samadi. Ua la njano, kubwa kidogo kuliko la A. Majani mapana, laini, yanayoshika shina. Husimama mmoja mmoja, kimo cha kiuno.

C. Muheza tena, pembezoni mwa mahindi. Ua la rangi ya chungwa kuelekea nyekundu, halina petali pembeni, liko kama brashi ya kunyolea ndevu. Baadhi ya majani yanashika shina kama ya B. Vichwa vingine vimeinama, vingine vimesimama wima.

D. Pangani, kwenye mchanga wa ufukweni, juu kidogo ya pale maji kujaa yanapofika. Ua la njano kama la A, ila mmea umelala na unatambaa.

Maswali yangu: upi ndio mchunga wenyewe? Nitaujuaje kabla haujatoa maua? C ni "mchunga mwekundu" kama wengine wanavyosema, na unaliwa? Na kati ya hii minne, upi ni wa asili ya huku na upi umeletwa?

---

Kioo_Mara10

Ndugu Mwanashamba, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta picha moja ya ua lililopigwa kutoka juu na kuuliza "hili ni nini?". Rangi iweke kando kwanza. Njano katika jamii hii ni kama kanzu nyeupe msikitini siku ya Ijumaa: haikusaidii kujua nani ni nani.

Kabla ya yote, tukubaliane maneno. Unachokiita ua, katika jamii ya alizeti, ni kichwa chenye viua vingi vidogo vilivyobanana. Kikombe cha kijani kinachovishika viua hivyo kimeundwa kwa vijani vyembamba. Kila kiua huzaa punje moja, na juu ya punje kuna vinyoya vinavyopeperuka na upepo. Kichwa, kiua, kikombe, vijani vya kikombe, punje, vinyoya. Hayo sita yanatosha.

Anza na maziwa. Vunja shina changa chini kidogo ya kichwa na usubiri sekunde tano. Utomvu mweupe ukitoka, uko kwenye kabila la mchunga (kabila ni kundi dogo ndani ya jamii): A, B na D wamo humo. Usipotoka, uko kwenye kabila jingine kabisa, na nina hakika C haitatoa. Fanya asubuhi, kwenye mmea mbichi uliosimama. Mmea ulionyauka au uliokaa mfukoni saa tatu hutoa tone dogo sana, na hapo ndipo watu huandika "hauna maziwa" kimakosa. Ukiwa na shaka, kata pia kwenye kitako cha jani la chini. Maziwa huko hukawia kukauka.

Kisha chomoa kiua kimoja kutoka katikati ya kichwa, si pembeni. Katika kabila la maziwa, viua vyote kuanzia katikati hadi ukingoni ni ndimi bapa, na ncha ya kila ulimi ina meno matano madogo. Katika C utapata mrija unaopanuka juu na kugawanyika mara tano, wala hutakuta ulimi hata mmoja. Vipimo hivi viwili vikikubaliana, umeshavuka nusu ya safari bila hata kujua jina.

Sasa A, B na D.

A ni Launaea cornuta. Huu ndio mchunga wa pwani na nyanda za chini, na ni wa asili ya Afrika. Neno cornuta kwa Kilatini ni "yenye pembe", kwa hiyo kumbuka zile pembe ulizoziona kwenye jani. Ila usizitegemee peke yake: kwenye mmea huohuo utakuta majani yasiyo na pembe hata moja, yamenyooka kama upanga. Jani halina unywele, halina kikonyo, na ukingo wake una vijino vidogo. Shina ni tupu ndani. Kikombe ni chembamba, kama mrija, vijani vyake vimepangwa kwa tabaka: vya nje vifupi, vya ndani virefu.

B ni Sonchus, karibu hakika Sonchus oleraceus. Tazama kitako cha jani lililo katikati ya shina. Lina masikio mawili makubwa yanayozunguka shina na kutokeza upande wa pili, ncha zake zimechongoka. Kama masikio ni ya mviringo, yamejikunja kama sikio la mtu, na jani ni gumu, linang'aa na linachoma mkononi, basi si oleraceus, ni Sonchus asper. Kikombe cha hawa wawili hufura chini baada ya ua kufunga, kikawa kama chungu kidogo chenye shingo. Cha mchunga hakifuri hivyo.

Kuna jambo linalochekesha kidogo. Katika maandishi ya zamani mchunga wetu wa A uliwahi kuwekwa ndani ya Sonchus na kuitwa Sonchus exauriculatus, yaani "asiye na masikio". Aliyempa jina alikuwa ameshajibu nusu ya swali lako. Kitakoni mwa jani la A hutakuta masikio mapana yanayokumbatia shina. Ukikuta kitu, ni ncha nyembamba tu.

D inaelekea kuwa Launaea sarmentosa, ndugu wa A anayeishi mchangani, pwani zote za Bahari ya Hindi kuanzia kwetu hadi India na visiwa vya Maldives. Hakikisha jambo moja: je, unatoa kamba nyembamba zinazotambaa juu ya mchanga, na kila baada ya hatua fulani kuna kichanga cha majani, yaani fungu dogo la majani yanayotoka sehemu moja, chenye mizizi yake? Kama ndivyo, umemaliza. Naomba usiung'oe. Tazama, piga picha, uache ushike mchanga.

Kuhusu asili: A, C na D ni wa huku. Sonchus oleraceus na asper ni wageni, wametoka upande wa Ulaya na Bahari ya Kati, wamezoea tu. Ndiyo maana ulikuta B kwenye samadi. Hufuata udongo uliochimbwa na wenye rutuba, pembeni mwa nyumba na bustani.

---

Mutsunga_wa_Kilifi

Namuunga mkono Kioo, ila amesahau kitu ambacho mama wa shambani hutazama kabla ya yote: mizizi.

Mchunga (kwa Kigiriama mutsunga) haung'oki. Ukivuta, unakatika, kwa sababu chini yake kuna rizomu, shina linalolala udongoni na kusambaa, na kila penye fundo hutoa chipukizi. Ndiyo maana Mwanashamba anaona makundi na anaona umerudi upesi. Sonchus ukiivuta baada ya mvua inatoka nzima, na mkononi unabaki na mzizi mkuu mmoja ulionyooka kama karoti nyembamba. Hili ni jibu la swali lako la pili pia, maana kipimo cha mzizi hakihitaji ua. Ingiza ncha ya kisu au panga dogo kama kidole kimoja kutoka kwenye kichanga cha majani, inua udongo taratibu, tazama. Kama kuna kamba nyeupe inayoelekea upande kutafuta kichanga kingine, ni mchunga. Kama yote yanashuka chini, si mchunga.

Angalizo kwa wakulima: jembe la juujuu huuzidisha. Kila kipande cha rizomu kilichokatika na kubaki kwenye udongo wenye unyevu ni mche mpya. Anayetaka kuuondoa achimbe kwa uma wa shamba na kuokota vipande, avianike juani mpaka vikauke. Anayeutaka kwa mboga afanye kinyume: azike kipande cha urefu wa kidole kwa kulaza, udongo kidogo juu, basi.

Na tafadhali, uchungu usiwe kipimo. Nimeona hapo juu "mchungu kwelikweli" imewekwa kama sifa ya kutambulia. Sonchus iliyokomaa nayo huwa chungu. Jani changa la mchunga lililoota baada ya mvua si chungu kama lile la kiangazi. Zaidi ya hayo, kuonja mmea usioujua ili uujue ni kuweka mkokoteni mbele ya punda.

Jikoni: huchumwa majani machanga kabla shina halijapanda. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, hukamuliwa, kisha huungwa kwa tui la nazi, mara nyingi umechanganywa na majani ya kunde au mchicha ili uchungu upungue.

---

Mwanashamba_Muheza

Asanteni sana wakuu. Nimepima leo asubuhi.

A: maziwa yapo, rizomu ipo, nyeupe, inakatika kama kijiti cha chaki. C: hakuna maziwa kabisa, kila nilipokata, na kiua cha katikati ni mrija. B na D sijazifikia, ziko mbali.

Ila palepale kwenye C nimekuta mmea mwingine wenye maziwa mengi kuliko hata A. Hauna ua la njano. Juu yake kuna vitu vidogo vya kijani vimejikusanya, na majani yanayozunguka hapo yana weupe kidogo kwenye kitako. Huu nao ni kabila la mchunga?

---

Kioo_Mara10

Hapana! Na nashukuru umeuliza kabla ya kuuweka kwenye kikapu. Maelezo yako yanaelekea moja kwa moja kwa Euphorbia heterophylla, gugu la kigeni la mashamba ya mahindi na maharage. Si wa jamii ya alizeti hata kidogo. Maziwa yake huwasha ngozi, na yakiingia jichoni ni balaa; nawa mikono kwa sabuni.

Hapa ndipo kipimo cha maziwa kinapowaangusha watu. Maziwa yanagawa jamii ya alizeti vizuri, lakini kwanza uwe umeshajua kwamba uko ndani ya jamii hiyo. Kwa hiyo: kichwa chenye viua vingi ndani ya kikombe cha vijani kwanza, maziwa baadaye. Mmea ambao haujatoa kichwa na wenye maziwa usiuchume kwa kubahatisha. Tazama mpangilio wa majani pia: katika Euphorbia hii majani ya juu hukabiliana mawili mawili au hujikusanya, wakati mchunga na Sonchus hupishana jani moja moja hadi juu.

Sasa C. Nikisoma tena maelezo yako, naona C si mmea mmoja, ni miwili. "Vichwa vingine vimeinama, vingine vimesimama" si tabia ya mmea mmoja uliochoka na jua. Rudi na kioo cha kukuzia. Cha mara 10 kinatosha, na ukikosa, lenzi ya kamera ya simu ikisogezwa karibu hufanya kazi.

Geuza kichwa, utazame kikombe kwa chini. Mimea hii yote miwili ina safu moja ya vijani virefu vinavyolingana urefu, vimesimama bega kwa bega kama mbao za pipa. Swali ni moja: pale kikombe kinapokutana na kikonyo, kuna vijani vingine vifupi, vyembamba kama nyuzi, vimetawanyika kama pindo lililofumuka?

Pindo lipo: Crassocephalum. Jina lenyewe lina maana ya "kichwa kinene". Kwenye mahindi ya Muheza, wenye vichwa vilivyoinama ni Crassocephalum crepidioides. Viua vyake vina ncha za rangi ya matofali, na havitokezi sana nje ya kikombe. Majani ya chini yamechanika pande zote, yanasinyaa taratibu kuelekea kikonyo, na ukiyafikicha yanatoa harufu.

Pindo halipo, kikombe ni kitupu na kilaini mpaka kwenye kikonyo: Emilia. Vichwa vimesimama wima juu ya vikonyo virefu, viua vya rangi ya chungwa kali vimetokeza juu ya kikombe, majani ya juu yanakumbatia shina kwa kitako kipana. Hiyo inafaa kuwa Emilia coccinea. Nasema "inafaa" kwa sababu Tanzania ina spishi nyingi za Emilia, na baadhi hazitengani bila punje zilizokomaa.

Makosa mawili ya kukwepa. Kwanza, usipime pindo kwenye kichwa kilichokauka na kupasuka. Vijani vifupi huanguka au hujikunja nyuma. Chukua kichwa ambacho viua vyake vya nje ndiyo kwanza vimefunguka. Pili, usihesabu kuinama peke yake. Kichwa cha Crassocephalum crepidioides huinama kikiwa kichanga, kisha hunyooka kinapoelekea kutoa vinyoya. Na wapo ndugu zake wasioinama hivyo: Crassocephalum vitellinum wa nyanda za juu zenye unyevu, wa rangi ya manjano ya kiini cha yai, na Crassocephalum picridifolium wa njano anayekaa kwenye majimaji. Huko Lushoto unaweza kukutana na vitellinum kando ya njia, na mtu asiyegeuza kikombe atakuambia ni Emilia.

Ukitaka kujua kwamba si wewe tu uliyechanganyikiwa, tazama majina. Emilia sonchifolia ni "yenye majani kama Sonchus". Crepidioides ni "inayofanana na Crepis". Picridifolium ni "yenye majani kama Picris". Wataalamu wenyewe walikuwa wakitazama jani na kukumbuka mmea mwingine.

---

Kapu_la_Mboga

Kuhusu kuliwa, mbona mnaitisha watu? Crassocephalum crepidioides ni mboga ya kawaida. Afrika Magharibi inauzwa sokoni, Wayoruba huiita ebolo. Hata huku wapo wanaoila.

---

Ini_Halina_Spea

Ndugu Kapu, ni kweli inaliwa, na ni kweli inauzwa. Lakini tuweke yote mezani.

Crassocephalum, Emilia na Senecio ni wa kabila moja, na kabila hilo linajulikana kwa sumu ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Katika Crassocephalum crepidioides imepatikana mojawapo inayoitwa jakobini. Sumu hizi huumiza ini. Mtu halewi wala hatapiki siku hiyohiyo. Madhara hujikusanya kwa kula mara kwa mara, na ndiyo sababu ushahidi wa "tumekula miaka yote" haupimi kitu. Kuchemsha si kinga ya kutegemea. Huko Tigray, Ethiopia, ugonjwa wa ini uliojitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulihusishwa na alkaloidi za kundi hilihili, kutoka kwa mbegu za gugu Ageratum conyzoides (nalo la jamii ya alizeti, mgeni kutoka Amerika) zilizochanganyika na nafaka.

Kwa hiyo, swali la Mwanashamba, "mchunga mwekundu unaliwa?", mimi najibu hivi: usiulime, usiufanye mboga ya kila wiki, usimpe mtoto wala mjamzito, wala mtu mwenye tatizo la ini. Mchunga wa A uko kwenye kabila jingine, lile la letusi. Kuiita mimea hii miwili jina moja ndiyo hatari yenyewe.

---

Kapu_la_Mboga

Nimekuelewa. Hilo la kujikusanya sikulijua.

---

Nyasi_za_Nandi

Nadandia hapohapo, samahani. Huku Bonde la Ufa upande wa juu kuna vya zambarau. Nina vitatu vinavyonisumbua, vyote vya nyasini na kando ya barabara. Kimoja kina ua la buluu hafifu na kina maziwa. Viwili havina maziwa, vya zambarau, vichwa vidogo vidogo. Programu ya simu ya kutambua mimea kwa picha inaviita vyote "Emilia".

---

Kioo_Mara10

Chenye maziwa na ua la buluu hafifu: Lactuca inermis, letusi pori wa asili ya Afrika. Thibitisha kwa punje. Punje ya Lactuca ni bapa, na juu yake kuna mdomo mwembamba unaobeba vinyoya. Punje za mchunga na Sonchus hazina mdomo. Vinyoya vimekaa moja kwa moja juu ya punje. Hiyo ni tofauti nzuri sana hata kwa ua la njano, maana ua la Lactuca likikauka hupoteza rangi na unaweza kudanganyika. Vinyoya vyenyewe usivitegemee, vyote ni vyeupe.

Vile viwili visivyo na maziwa, geuza vikombe. Safu moja ya vijani sawasawa, bila pindo: Emilia sonchifolia. Kikombe chake ni mrija mrefu na viua vinachungulia tu juu yake, havitokezi kama vya E. coccinea. Majani ya chini yamekatika ubavuni na kubaki na kipande kikubwa nchani, upande wa chini mara nyingi una wekundu wa zambarau. Ukikuta tabaka kadhaa za vijani vyenye ncha kali, vimelaliana kama vigae, na mmea una vinyweleo vya kijivujivu: Cyanthillium cinereum, ambaye zamani aliitwa Vernonia cinerea. Vichwa vyake ni vingi, vimetawanyika juu ya matawi membamba.

Kama majani yanakabiliana mawili mawili, umetoka nje ya hao wote. Uwezekano mkubwa ni ile Ageratum iliyotajwa hapo juu.

Na simu haina kosa. Umeipa picha ya ua kutoka juu.

---

Karatasi_na_Gundi

Hapo kwenye picha niseme kidogo, kwa faida ya wanaopeleka iNaturalist (mtandao wa kutambua mimea na wanyama kwa picha) au kuleta humu. Jamii hii inahitaji picha tano: mmea mzima ukiwa umesimama, kitako cha jani la katikati ya shina kikionyesha shina lenyewe, kikombe kutoka ubavuni, kikombe kutoka chini, na punje zilizokomaa zikiwa zimewekwa kwenye kiganja au karatasi nyeupe kando ya rula. Picha ya ua kutoka juu ni ya sita, ya mapambo. Kwa kabila la maziwa piga mapema, kabla jua halijawa kali. Sonchus hufunga vichwa vyake kuelekea adhuhuri na utabaki na picha za vifundo.

Kwa punje: Sonchus oleraceus ina makunyanzi ya kukingama, kama kidole kilichokaa majini. S. asper ina mistari ya wima tu, katikati ni laini. Punje ya mchunga ni nyembamba na mistari yake inakwenda wima. Kioo cha mara 10 kinaonyesha yote haya bila shida.

Anayekausha sampuli ajue ugomvi wa mchunga: kichwa chake hakifi upesi. Unakiweka kwenye gazeti kikiwa ua, unafungua baada ya siku tatu umekuta pamba. Kimeendelea kukomaa ndani ya karatasi. Dawa ni kubana palepale shambani, na kukausha haraka kwa joto la wastani lenye hewa, siyo kulaza chini ya godoro. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu nne za mwanzo. Pasua kichwa kimoja katikati kwa wembe, kuanzia juu hadi kikonyo, ukibane kikiwa wazi ili ndani paonekane. Punje ziweke kwenye bahasha ndogo kando.

Kwenye lebo andika vile ambavyo karatasi haitahifadhi: rangi ya viua, maziwa yalikuwepo au la, mzizi mkuu au rizomu, vichwa vilikuwa vimeinama au vimesimama. Kisha mahali, mwinuko, tarehe, aina ya udongo. Lebo ya "Muheza, ua la njano" haimsaidii mtu. Sampuli nzuri zenye maua na punje zinaweza kulinganishwa na zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwenye herbaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kwa walio Kenya.

---

Mwanashamba_Muheza

Marejesho, wakuu.

C kweli ilikuwa miwili. Saba kati ya kumi nilizogeuza zina pindo, zimeinama, majani yana harufu: Crassocephalum. Tatu hazina pindo, zimesimama, viua vimetokeza: Emilia. Zimeota zimechanganyika kabisa, hata mizizi imekumbatiana.

B nimetumiwa picha ya kitako cha jani kutoka Lushoto. Masikio yapo, yamechongoka, jani halichomi. D nimeambiwa ina kamba zenye mizizi kila penye kichanga.

Limebaki moja. Shambani kuna vichanga vidogo vya majani matatu manne tu, bila shina, bila ua. Vingine vinatoka pembeni mwa A, vingine viko peke yake mbali. Nikichuma mboga navyo navichukua. Hivyo vya mbali nifanyeje?

---

Mutsunga_wa_Kilifi

Vilivyo pembeni mwa A chimbua kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Ukikuta kimeungana na kamba ya mama yake, chuma. Cha mbali kisicho na kamba kinaweza kuwa mchunga ulioota kwa punje, na kinaweza kuwa kitu kingine. Kata kitako cha jani: bila maziwa, kitupe, maana Crassocephalum changa na Emilia changa ziko hivyo. Kikiwa na maziwa, usikichume bado. Kiwekee kijiti, ukiache kitoe shina na kichwa, kisha ukipime kama ulivyopima wengine. Ile Euphorbia yako iko shamba hilohilo.